Sauti Iliyotutangulia Karonga

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kuchukua sare ya mtoto anavuta stuli na kuniuliza, "Kwani huko Malawi kulienda aje?" Nimesimulia mara nyingi mpaka juzi nikashona mfuko wa shati mgongoni. Kwa hivyo nimeandika mara moja, nyinyi wa chama msome, na mkimaliza mniache nifanye kazi, kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa.

Mnajua kilichonipeleka. Mutinda, kifungua mimba wangu, anachimba visima kaskazini mwa Malawi, na huko akapata mchumba, muuguzi anayeitwa Tupokigwe. Mama yake Tupokigwe ni mjane kama mimi na anauza mchele mjini Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili anakijua. Ilikuwa lazima upande wetu uende ukaonekane, useme neno, ndipo harusi ipangwe. Kwa kuwa baba yake Mutinda hayuko tena, mdomo wa familia ni kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Kioko wa Masii.

Jambo ambalo sikuwaambia ni hili. Huyo mama alikuwa ameacha kunijibu. Mwanzoni alikuwa akijibu kila ujumbe, halafu wiki tatu kabla ya safari akanyamaza. Nikamwandikia, "Tunakuja Jumapili. Tuko wawili." Kimya. Mutinda alikuwa milimani kwenye kisima kisichofikiwa na mtandao, na alikuwa ameahidi kushuka Jumapili hiyo hiyo pamoja na Tupokigwe. Basi nikafunga mkoba nikiwa sijui kama naenda kupokewa au kufukuzwa.

Kutoka Mumbuni mpaka Namanga

Tuliondoka hapa kwetu Mumbuni Jumatano alfajiri. Mzee Kioko alikuja na gunia dogo la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa mikono ya mkewe, na simu yake ya vibonye iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Simu hiyo ana sheria nayo. Akikuflashia mara moja, yaani mlio mmoja kisha akakata, maana yake mambo ni salama. Mara mbili, mpigie. Mara tatu, kuna shida. Kwa mpango huo kredo ya simu aliyoweka wakati wa mavuno ya mwaka jana bado iko, na anaisifu kama mtu anayesifu ng'ombe.

Tulipokuwa tunangoja basi Mlolongo, alitoa simu, akabonyeza namba, akasikiliza mlio mmoja, akakata na kuirudisha mfukoni akiwa ameridhika. Nilidhani anamflashia mkewe. Sikuuliza.

Mimi simu yangu haikutulia njia nzima, na hiyo ilikuwa kazi yenu. Mmefika wapi, mmekula nini, tuma picha, Amen, Amen, Amen. Tukavuka Namanga nikiendelea kuwajibu kwa raha zangu, nikijua ile data ya shilingi ishirini ya saa moja bado inatembea. Kumbe nikishavuka mpaka nakula kwa bei ya wageni. Nilituma picha mbili za mlima na kufungua Amen kumi hivi, kisha simu ikaniambia sina kitu. Waliosema nimejivuna baada ya kupata wakwe wa nje, sasa mjue. Mliniangusha nyinyi wenyewe kwa Amen zenu.

Arusha: nijiunge na nini?

Arusha niliingia kwenye kiduka cha laini za simu. Dada aliyekuwa nyuma ya kioo aliinua uso, nami nikasema kama ninavyosema hapa kila siku, "Nipe kredo." Akaniangalia kama niliyemkanyaga mguu. Kisha akanyoosha mgongo na kusema, "Shikamoo mama." Niliitikia marahaba huku nimeona aibu, nikaanza upya na "naomba", na uso wake ukafunguka.

Baada ya kuniwekea laini akaniuliza, "Nikuwekee vocha tu, au nikuunge?"

"Uniunge na nini?"

"Si na kifurushi, mama. Hujiungi?"

Nikamwambia kwa upole kwamba tayari niko na chama mbili kwetu na siwezi kujiunga na ya tatu katika nchi ya watu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwita mwenzake wa duka la pili aje asikie, nikarudia, wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka ingawa sikujua kwa nini. Baadaye ndipo wakanieleza. Kule mtu hapigi simu kwa pesa yake ikiwa mbichi. Anajiunga kwanza, na pesa inageuzwa kuwa dakika kadhaa, meseji kadhaa na data kiasi, kila kitu na fungu lake, kama chakula cha hoteli. Unachagua cha siku, cha wiki au cha mwezi.

Mimi nilitaka cha wiki. Mzee Kioko akasema wiki ni ndefu, hatujui ya kesho, chukua cha siku. Nikachukua cha siku. Kumbukeni hilo, kwa maana balaa lilianzia hapo.

Jioni tukaagiza chipsi mayai. Kililetwa kitu cha duara kama chapati nene. Mzee Kioko akauliza chipsi ziko wapi, akaambiwa ziko ndani. Akauliza mayai je. Nayo yako ndani. Alikipasua taratibu kwa uma kama anayetafuta mfupa, akaonja, kisha akaagiza kingine.

Mwalimu Rehema

Basi la kwenda Mbeya lilikatika mkanda wa injini karibu na Babati, tukakaa kando ya barabara nusu siku. Hapo ndipo nilipojuana na jirani yangu wa kiti, Mwalimu Rehema, mama mstaafu aliyekuwa anarudi Iringa kutoka kwa wajukuu. Tulinunua mahindi ya kuchoma na kukaa juu ya mabegi yetu.

Huyu mama haandiki. Anaishika simu mbele ya mdomo kama kipande cha muwa na kuiambia habari zake zote. Dada yake alitumiwa dakika nne kuhusu mkanda wa injini. Mwanawe alitumiwa dakika tatu kuhusu mahindi. Nao wanamjibu vivyo hivyo, naye anawasikiliza kwa sauti ya juu, mpaka abiria wote tukajua kwamba ng'ombe wa huko Iringa amezaa na ndama ni dume.

Akaniuliza kama watu wangu hawanitafuti. Nikamwonyesha ujumbe niliomwandikia mama yake Tupokigwe. Akavaa miwani. "Tunakuja Jumapili. Tuko wawili." Akasoma tena, akatafuta kama kuna zaidi.

"Huyu ni nani wako?"

"Mama wa mchumba wa mwanangu."

"Mkwe?" Akavua miwani. "Mkwe unamwandikia kama mgambo anayeleta hati ya wito?"

Nilijitetea kwamba sisi ndivyo tulivyozoea. Tulianza zile siku za kulipia kila meseji, tukihesabu herufi, na mpaka leo mtu akiniandikia "Uko?" namjibu "Niko," anajibu "Sawa," na tumeelewana. Mwalimu Rehema akasema kwao ni kinyume. Kifurushi kinakupa meseji nyingi kuliko mambo uliyo nayo ya kusema, na usipozitumia zinakufa siku ikiisha. Kwa hiyo watu wanazimalizia kwenye salamu. Umeamkaje, watoto wameamkaje, baridi ikoje, na jambo lenyewe linakuja mwisho. Akasema huenda mkwe wangu hajanyamaza kwa ubaya. Huenda bado anangoja nimsalimu.

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli.

Tulilala Dodoma. Ijumaa asubuhi tulipokuwa njiani kuelekea Iringa niliamua kumtumia mkwe sauti, salamu kamili. Lakini kifurushi changu cha siku kilikuwa kimeshakufa. Mwalimu Rehema akanipa simu yake, akaiandika namba, akanionyesha pa kubonyeza. "Sema, na usiachie kidole."

Nikabonyeza. Basi likaruka tuta na kidole kikateleza juu. Kikatokea kialama cha kufuli. Nikafikiri ni vizuri, sasa imeshikwa haitaanguka. Nikamsalimu mkwe, nikamwulizia afya, mchele na mvua, nikamwambia tuko njiani na tunamheshimu. Nikamaliza, nikaiweka simu mapajani.

Mwalimu Rehema akasema nimesema vizuri, kisha akaniuliza, hasa huyo mama yukoje? Nami nikafunguka. Nilisema anajidai. Nilisema labda anadhani sisi watu wa ukame tunaenda kummalizia mchele. Nilisema mwanamke gani anaandikiwa mara tano asijibu hata nukta. Halafu, sijui kwa nini, nikasema na yale mengine. Kwamba tangu mume wangu afariki sijawahi kusimama mbele ya watu kuomba kitu. Kwamba nguo niliyobeba ya siku hiyo nimeishona na kuifumua mara tatu. Kwamba naogopa ataniangalia na kuona fundi wa sare za shule tu, aone mwanangu hana nyumba ya maana nyuma yake. Mwalimu akanishika mkono. Muuza karanga akapanda, tukanunua karanga. Kisha akaiona simu mapajani mwangu, akasema, "Kumbe hujatuma," akabonyeza.

Tiki moja

Tuliagana Iringa kama ndugu, tukapeana namba. Tulikuwa tumekaribia Makambako simu yangu ilipolia ujumbe kutoka kwake. Nawapa kama ulivyokuja:

"Dada yangu mpendwa, habari za safari, natumaini mnaendelea vyema na mzee pia. Mimi nimefika salama, Iringa baridi kali, ndama ni mzuri sana ana doa jeupe, wote wanakusalimu. Dada naomba radhi. Ile sauti imekwenda yote, dakika saba, pamoja na mambo ya kujidai. Nimejaribu kuifuta lakini imefutika kwangu tu. Ina tiki moja. Mungu akutangulie."

Niliusoma mpaka kwenye ndama nikitabasamu.

Tiki moja maana yake sauti ilikuwa imetoka kwa Mwalimu lakini haijaingia kwenye simu ya mkwe. Nikakumbuka Tupokigwe aliwahi kuniambia kwamba mama yake hufungua data mara moja kwa wiki, Jumapili akitoka kanisani, kwa sababu kwao data ni ghali. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kwa hivyo ile sauti ilikuwa inangoja mlangoni kwake, na mimi nilikuwa na mpaka Jumapili saa sita kufika kabla haijafunguliwa. Kumwambia Tupokigwe niliona haya. Ningeanzia wapi?

Nilimweleza Mzee Kioko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema nini hasa?"

"Kila kitu."

Akafikiri. "Na mimi nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unakoroma."

"Basi mimi sina makosa," akasema, akafunga macho tena.

Jumamosi tulitoka Mbeya mapema, na kama barabara ingetuonea huruma tungevuka siku hiyo. Lakini kwenye miteremko ya Tukuyu lori la ndizi lilikuwa limelala ubavu katikati ya njia. Hakuna aliyeumia. Dereva alikuwa ameketi juu ya jiwe akiwauzia abiria mzigo wake kwa bei ya kutupa, na wenyeji wameshawasha moto na kuzichoma. Mimi nilikuwa natembea huku na huku nikiangalia jua. Mzee Kioko alikula ndizi sita. Akaniambia kwamba nikisimama au nikikaa lori ni lile lile, nikaona ni kweli, nikala tatu. Zilikuwa tamu hata kwa mtu mwenye hatia.

Tulifika Kasumulu mpaka umeshafungwa, tukalala upande wa Tanzania.

Daraja la Songwe

Jumapili asubuhi tukavuka. Ng'ambo ya daraja nilimkimbilia kaka mmoja mwenye mwavuli na meza ndogo, nikamsalimu vizuri sana, maana nilikuwa nimefunzwa, nikaomba data. Akaniuliza data ya kufanyia nini, kama niliyeomba mtungi mzima kwenye nyumba ya kiu. Huko watu hununua mayunitsi, ndiyo kredo yao, kidogo kidogo. Aliponitajia bei ya data, nilihesabu kwamba ile ninayoimaliza hapa nikiangalia mitindo ya magauni kabla chai haijachemka, kule mtu anaipangia wiki.

"Mama, hapa data haiachwi wazi," akaniambia kwa Kiswahili safi. "Ni kama bomba. Unafungua, unachota, unafunga."

Nikanunua laini na mayunitsi ya kupiga tu. Nikapiga. Simu ya mkwe ikaita mpaka ikakatika. Alikuwa kanisani.

Gari la kwenda mjini lilingoja kujaa. Nilimwomba dereva twende, nikamwambia ni jambo la familia. Akauliza kama kuna msiba. Nikasema bado.

Uani

Nyumba ya mama yake Tupokigwe iko nyuma ya soko la mchele. Ina ua wa matofali na lango la mabati lililokuwa wazi. Tulifika jua likiwa utosini. Nilisimama langoni kuvuta pumzi, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu.

Ilikuwa inatoka ndani ya ua. Ilikuwa inasema, "Mwanamke gani anaandikiwa mara tano asijibu hata nukta?"

Mzee Kioko akageuka kuniangalia. "Hiyo ni sauti yako," akasema, kana kwamba nilihitaji kuambiwa.

Akina mama wanane hivi, na nguo zao nyeupe za kanisani, walikuwa wameketi kwenye mkeka kuzunguka kikombe kikubwa cha bati. Simu ilikuwa imetumbukizwa ndani ya kikombe ili isikike vizuri. Mwenye nyumba alijulikana bila kuonyeshwa, mama mnene mwenye uso wa Tupokigwe, amekaa wima, mikono magotini, akisikiliza kama anayesikiliza mahubiri. Nililishika lango.

Mmoja wao akatuona, akamgusa. Mwenye nyumba akaitoa simu kikombeni, akaisimamisha sauti, akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye mwenye sauti?"

"Ni mimi, mama."

"Karibu. Keti hapa." Akasogea kunipisha kwenye mkeka. "Subiri kidogo, bado haijaisha."

Akairudisha simu kikombeni.

Ndugu zangu, nilikaa kwenye ule mkeka bega kwa bega na mkwe wangu, nikajisikiliza. Sauti ikasema kuhusu mume wangu. Ikasema kuhusu nguo iliyofumuliwa mara tatu, na akina mama wote wanane wakaigeukia nguo mwilini mwangu, wakaikagua pindo na kola. Ikasema naogopa. Karanga zikanunuliwa. Mtu akakoroma, na Mzee Kioko akaangalia paa. Mwisho sauti ya Mwalimu Rehema ikasema, "Kumbe hujatuma," ikakatika.

Mwenye nyumba aliichukua simu, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaizima data. Nilianza kuomba msamaha, akaniinulia kiganja.

"Dakika saba," akawaambia wenzake. Kisha akanigeukia. "Hii sauti imekula data yangu yote ya wiki. Sijawahi kutumiwa dakika saba na mtu. Mtu anayenidharau atanipa dakika saba?"

Nilitaka kusema ukweli, kwamba zilitoka kwenye kifurushi cha mtu na hata sikujua zinatoka, lakini hakunipa nafasi.

"Sasa niambie jambo moja," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Ni nani kwenu ananipigia kila alfajiri na kukata?"

Nikageuka. Mzee Kioko alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Akaeleza sheria zake zote. Mara moja, mambo ni salama. Kwamba tangu alipopewa namba aliona ni adabu kumjulia hali mkwe kila asubuhi, na hakuwa amekosa hata siku moja. Kwamba mama akipiga kumrudia alikuwa anakata haraka, ili asimtie gharama.

Mama yake Tupokigwe alimsikiliza bila kupepesa. Akasema kwao simu ya alfajiri ni simu ya msiba. Siku ya kwanza alitoka jikoni mbio akaunguza wali. Alipiga kurudisha, ikakatwa. Akanunua mayunitsi mengine, akapiga, ikakatwa. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku, na mayunitsi ya kupiga nje ya nchi si maji. "Kwetu anayekuja kuomba ndiye anayepiga," akasema. "Nikajiambia, hawa wameghairi. Wanataka kuniambia hawamtaki binti yangu, na kila wakipiga wanaona haya. Ndiyo maana niliacha kukujibu. Sikutaka kulisoma hilo neno."

Basi kumbe wiki tatu zile, mimi nikishona na kufumua huku Mumbuni, naye huko Karonga alikuwa anaogopa.

Kisha Mzee Kioko akatoka langoni bila kuaga. Nilidhani amekasirika. Alirudi na mayunitsi ya kutosha, akaniomba laini yangu niliyonunua mpakani, akaiweka kwenye simu yake na kuifunga tena kwa ule mpira. Akasimama pembeni mwa ua, hatua kama kumi kutoka tulipo, akapiga. Simu ikalia mkononi mwa mama yake Tupokigwe. Akaiangalia ikilia, akaiacha ilie mara ya pili na ya tatu, wenzake wakiwa wamejifunika midomo kwa vitenge, ndipo akapokea.

"Hujambo, mama," Mzee Kioko akasema, na sisi tukamsikia mara mbili. "Ni Kioko wa Masii, kaka yake marehemu. Umeamkaje?"

Hakukata. Alimwulizia wali, mvua, kanisa, mifugo, na waliotangulia mbele ya haki. Akamwambia kwamba amekuja kuomba binti. Aliendelea mpaka kredo ikamkatikia katikati ya neno, na hiyo nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake. Mama yake Tupokigwe akaishusha simu, akajibu kwa mdomo tu, kutoka mkekani, "Nimesikia, baba. Njoo ule."

Mutinda na Tupokigwe walipoingia saa moja baadaye, wakiwa wamejiandaa kututambulisha, walitukuta tumekaa kuzunguka sinia la wali wa Karonga na samaki wa ziwani. Mzee Kioko alikuwa anawafundisha akina mama namna ya kupika muthokoi. Mutinda akaniuliza kwa Kikamba kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia akae ale.

Tulikaa siku nne, na neno likasemwa likaisha. Asubuhi ya kuondoka nilitoa tepu yangu kumpima Tupokigwe gauni la harusi. Mama yake alisimama mlangoni akiangalia, kisha akasema, "Na mimi unipime." Akainua mikono, akavuta tumbo ndani akashika pumzi. Nikamwambia apumue, nguo ya harusi ni ya kula nayo. Akakataa. Nikaandika kipimo alichotaka, na kimyakimya nikaongeza inchi mbili.

Nikamwambia nikiikata nitamtumia picha aone.

"Picha za nini?" akasema, bado ameshika pumzi. "Ilete mwenyewe."